Hati ipo, kibali cha nyongeza hakipo: kabla hujatoa nusu ya bei

Swali la msomaji, kwa kifupi:

"Naishi Muheza, nataka kununua nyumba Tanga mjini, upande wa Makorora. Hati miliki ipo, jina ni la muuzaji. Nyumba ya awali ni ya chini, tofali za nchi 6. Baadaye mwenye nyumba aliondoa paa la bati, akamwaga slabu, na juu yake nondo za nguzo zimeachwa wazi kwa ajili ya ghorofa. Mbele kajenga fremu tatu za biashara, nyuma kuna banda la uani lenye vyumba vinne vya kupangisha. Nilipoomba kibali cha ujenzi alinionyesha kimoja tu, cha 2009, cha nyumba ya chini. Dalali ananiambia Tanga yote imejengwa hivyo, kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na mwenyekiti wa mtaa ataandika barua. Bei ni milioni 95 na wanataka nusu wiki hii. Nifanyeje?"

Jibu:

Dada yangu, usitoe nusu wiki hii. Sisemi nyumba ni mbaya. Huenda ikawa nzuri kabisa kwa bei nyingine. Ila kwa maelezo yako hapo kuna majengo matatu yaliyoongezwa bila kibali, na kila moja lina tatizo la aina yake. Moja huenda likatengenezeka kwa karatasi na faini. Jingine huenda haliponi mpaka libomolewe. La tatu, hiyo slabu, hakuna mtu anayeweza kulisemea mpaka mhandisi alipime. Ukitoa milioni 47 na nusu kabla hujajua lipi ni lipi, hutakuwa na nguvu tena ya kumwambia muuzaji chochote.

Nianze na maneno ya dalali, kwa sababu ndiyo yanayowaponza wanunuzi wengi.

Kodi ya jengo kukatwa kwenye LUKU si kibali. Utaratibu huo ulianza mwaka 2021, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, na ya ghorofa 7,500 kwa kila sakafu. Mfumo unatazama mita ya umeme, hautazami michoro. Tena mwombe muuzaji akuonyeshe ujumbe wa LUKU wa manunuzi ya kwanza ya mwezi uone makato yenyewe. TANESCO kuvuta waya, mamlaka ya maji kufunga mita, halmashauri kutoa leseni ya biashara kwa mwenye duka la fremu: hakuna hata kimoja kinachohalalisha ukuta. Na barua ya mwenyekiti wa mtaa inathibitisha kwamba anamfahamu muuzaji na kwamba mauziano yamefanyika mbele yake. Mtaa hauna mamlaka ya kutoa kibali cha ujenzi. Ndani ya mji, wenye mamlaka hayo ni Halmashauri ya Jiji la Tanga.

Tofauti ya hati na kibali nayo ishike vizuri. Hati inasema ardhi ni ya nani, kwa miaka mingapi na kwa matumizi gani. Kibali kinasema jengo lililo juu yake liliruhusiwa likiwa na umbo gani na limekaa umbali gani kutoka mipakani. Haya ni mafaili mawili. Ukifanya upekuzi kwa Msajili wa Hati utaambiwa kama kuna rehani, zuio au deni, lakini upekuzi hautakwambia neno juu ya slabu. Ndiyo maana watu hufanya upekuzi, wakafurahi, wakanunua, kisha wakapokea ilani ya kubomoa. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka uendelezaji katika eneo la mipango uwe na idhini ya mamlaka ya upangaji, na kosa hilo haliondoki na aliyejenga. Hati ikishaandikwa jina lako, ilani itakuja kwa jina lako na gharama ya kubomoa utadaiwa wewe. Hata idhini ya uhamisho, zile fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 mtakazojaza, inahusu miliki tu na haisafishi jengo.

Sasa kazi. Ya kwanza ni ya makaratasi, na unaweza kuimaliza kwa siku chache.

Chukua nakala ya hati pamoja na ramani yake ndogo ya upimaji iliyoambatishwa, na nakala ya kibali cha 2009. Kibali chenyewe ni karatasi moja, na thamani yake iko kwenye michoro iliyogongwa muhuri. Muuzaji akisema michoro imepotea, mwombe aandike barua kwenda kwa Mkurugenzi wa Jiji kuomba nakala kutoka kwenye faili, na wewe uambatane naye kwa afisa mipango miji. Vibali vya siku hizi huombwa kwa njia ya mtandao, kwenye mfumo wa TAUSI, lakini cha 2009 ni cha makaratasi, kwa hiyo lazima faili litafutwe kwa namba ya kiwanja na kitalu. Ukiwa hapo uliza mambo matatu, na majibu uyapate kwa maandishi. Je, faili lina ilani yoyote ya kusimamisha ujenzi au kubomoa? Kiwanja hiki kwenye mchoro wa mipango miji ni cha makazi tu, au makazi na biashara? Na barabara iliyo mbele yake imepangwa upana gani? Hilo la tatu wengi hawaliulizi, na ndilo litakaloamua hatima ya fremu.

Kwenye hati yenyewe soma masharti, usiishie kwenye jina na idadi ya miaka. Matumizi yameandikwa humo. Kama ni makazi peke yake, fremu tatu zimevunja sharti la hati hata kama zimejengwa vizuri na ziko ndani ya mipaka.

Kazi ya pili ni ya kamba na futi. Mlete mpima ardhi aliyesajiliwa afufue bikoni zote za kiwanja. Usikubali kuonyeshwa mipaka kwa kidole, wala usikubali kwamba ukuta wa uzio ndio mpaka. Bikoni ni chuma kilichosimikwa ndani ya zege, na namba zake ziko kwenye ramani ya hati. Makorora na mitaa ya jirani imejaa watu, bikoni nyingi zimefukiwa na kifusi au zimeng'olewa na mafundi wakati wa kuchimba msingi. Mpima anazirudisha kwa vipimo vilivyo kwenye ramani, si kwa kumbukumbu za jirani. Zikishapatikana, mwambie afunge kamba ya fundi kutoka bikoni ya mbele kushoto hadi ya mbele kulia, aivute mpaka ikaze.

Tembea na hiyo kamba. Kama inagusa ukuta wa nyuma wa fremu na milango yake ya chuma iko upande wa pili, fremu zote tatu ziko barabarani. Kama inapita katikati ya chumba, piga picha futi ikiwa imelazwa sakafuni kutoka kwenye kamba hadi kizingitini, tarakimu zisomeke. Mita 1 na sentimeta 40 nje ya kamba ni mita 1 na sentimeta 40 za ardhi ya umma. Hakuna ada wala faini itakayozigeuza kuwa zako.

Kuhusu upana wa barabara watu huchanganya. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, ikiongezeka kutoka mita 22.5 za awali. Hizo ziko chini ya TANROADS, na nyumba zilizomo huwekwa alama ya X. Nyekundu kwa kawaida humaanisha mwenye nyumba aliifuata barabara, hivyo hana fidia. Ya kijani humaanisha barabara ndiyo iliyomfuata, na fidia ipo. Chunguza ukuta wa mbele kama una mahali palipopakwa rangi mpya peke yake. Kwa barabara za mitaa zilizo chini ya TARURA, upana unatoka kwenye mchoro wa mipango miji, ndiyo maana nimekuambia uulize. Laiti nyumba hii ingekuwa Raskazone au Sahare karibu na maji, ningekutaka upime na mita 60 kutoka ufukweni, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya umbali huo. Kwa Makorora hilo halikuhusu.

Kamba ikionyesha fremu ziko ndani ya kiwanja, bado kuna umbali ambao jengo linatakiwa kuacha kutoka mpaka wa mbele. Umbali huo umeandikwa kwenye mchoro ulioidhinishwa wa 2009. Upime. Fremu zilizomo kiwanjani lakini zimekula nafasi ya mbele zina nafasi finyu ya kupata idhini. Zikiwa zimeacha nafasi, njia ni kuomba mabadiliko ya matumizi kutoka makazi kwenda makazi na biashara, halafu kibali cha jengo. Maombi hayo hutangazwa ili wenye pingamizi waseme, kwa hiyo hayaishi kwa wiki moja. Dalali akikwambia anaye mtu wa kuyamaliza kesho, hiyo ni sababu tosha ya kumwacha.

Banda la uani lina tatizo jingine, na mara nyingi tatizo lenyewe liko chini ya miguu ya wapangaji.

Uliza karo la choo, yaani tangi la maji taka lililo chini ya ardhi, liko wapi. Huenda nyumba ya 2009 ilichorwa ikiwa na karo na shimo la kunyonya maji huko nyuma, hasa pale ambapo banda limesimama sasa. Fuata mifuniko ya chemba kutoka chooni. Ikiwa mfuniko wa mwisho unaonekana kisha mstari unaingia chini ya sakafu ya chumba cha tatu, umeshajua. Jaribio la uhakika ni kumwaga ndoo ya maji yenye rangi kwenye choo cha nyumba kubwa, kisha kufunua mfuniko mmoja baada ya mwingine kuona yanakoelekea. Chumba kilichojengwa juu ya karo kina hatari mbili. Gesi hupanda kupitia nyufa za sakafu, na gari la kunyonya maji taka haliwezi kulifikia karo likijaa, kwa hiyo siku moja mtalazimika kuvunja sakafu ya mpangaji. Baya zaidi ni pale mfuniko wa zege wa karo ulipogeuzwa kuwa sakafu ya chumba. Mfuniko ule haukukusudiwa kubeba ukuta, na upande wake wa chini nondo zinaliwa na gesi ya karo bila mtu kuziona.

Kama kuna kisima uani, pima umbali wake na karo na shimo la kunyonya. Kanuni ya kawaida ya afya ni mita 30. Kwenye viwanja vya mjini umbali huo haupatikani, hivyo kisima kichukuliwe kuwa si cha maji ya kunywa, na bei isihesabu kisima kama faida. Jambo hili lina uzito maeneo ya Tanga ambako maji ya ardhini yako karibu: shimo la kunyonya likishafikiwa na maji wakati wa masika, halinyonyi tena, linarudisha. Ndiyo sababu ningependa uitembelee nyumba siku ya mvua kubwa kabla hujasaini chochote.

Umeme wa banda uangaliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Kawaida waya wa vyumba vinne huvutwa kutoka kwenye soketi au swichi kuu ya nyumba kubwa. Soketi zinataka waya wa milimita 2.5 za mraba, taa 1.5, na waya unaolisha banda zima unatakiwa kuwa mnene kuliko hizo, wenye kikata umeme chake kwenye boksi la nyumba kubwa. Fundi akikuta banda zima limening'inia kwenye 2.5 moja, na wapangaji wanapikia majiko ya umeme, waya huo unapata moto ndani ya ukuta. Aangalie na kama banda lina ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Gharama hapa ni ndogo, lakini iandikwe kwenye orodha ya mambo utakayoyadai kwenye bei.

Tukija kwenye slabu, hapa naomba usome polepole.

Nyumba ya chini yenye tofali za nchi 6 na paa la bati imebebwa na msingi mwembamba, aghalabu zege lenye upana wa milimita 600 hivi chini ya kuta. Bati, mbao na kenchi za nyumba ya mita 10 kwa 12 hazifiki tani 5. Slabu ya unene wa milimita 150 juu ya nyumba hiyohiyo ni mita za ujazo 18 za zege. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 2,400 hivi, kwa hiyo umeweka tani 43 mahali palipokuwa na tani 5. Bado hujaweka ghorofa. Ukuta wa tofali za nchi 6 wenye kimo cha mita 3 una kilo 900 kwa kila mita ya urefu kabla ya plasta. Ukiwa na mita 60 za kuta juu, hizo ni tani 54 nyingine, na hapo hatujagusa paa, watu, matangi ya maji na samani. Kibali cha 2009 hakikukokotolewa kwa mzigo huo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu 36. Lilikuwa limepandishwa kupita ghorofa zilizoombewa kibali. Nyumba yako ni ndogo mno kulinganisha, lakini swali ni lilelile: mzigo ulioongezwa umebebwa na nini?

Swali hilo analijibu mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa ripoti yenye muhuri wake. Mafundi wanaweza kumsaidia kuchimba, basi. Hiki ndicho unachotakiwa kumwomba akifanye, ili asije akazunguka nyumba kwa macho dakika ishirini akaandika "iko imara":

Achimbe mashimo mawili au matatu kando ya kuta zilizo na nguzo, kila moja kama mita 1 kwa mita 1, hadi kitako cha msingi kionekane. Apime upana, unene na kina, na aseme aina ya udongo. Shida inayotokea sana kwenye nyumba zilizoongezewa slabu baadaye ni nguzo kuanzia juu ya jamvi la sakafu, kwa kuchimbwa ukutani na kumiminwa zege, bila kitako chake chini. Kwa ghorofa moja mhandisi mara nyingi hutaka kitako cha mita 1.2 hadi 1.5 kila upande, kutegemea udongo. Ukiinama kwenye shimo na kuona tofali zinashuka moja kwa moja hadi kwenye lile zege jembamba, na nguzo haionekani popote chini ya usawa wa sakafu, umepata jibu kabla ya ripoti: hapo ghorofa haijengwi.

Apime zege kwa nyundo ya kupimia ugumu, na nondo kwa kifaa cha kuzitafuta bila kubomoa, aseme ni za milimita ngapi, zimepishana kwa umbali gani, na kifuniko cha zege juu yake ni kinene kiasi gani. Kwenye slabu tungetaka angalau milimita 25, na kwenye nguzo 40 kwa nyumba iliyo kwenye upepo wa bahari. Mafundi wasipoweka vile vipande vya zege vya kuinulia nondo, vile wanavyoviita biskuti, nondo hulala juu ya mbao za fomu na kifuniko kinakuwa milimita 5 au sifuri. Utaviona vivuli vya nondo kwenye dari, mistari ya kutu iliyonyooka kama imepigwa rula.

Mistari hiyo ukiiona chukua nyundo ndogo, panda ngazi, gonga dari taratibu kila baada ya sentimeta 20. Zege lililoshikana hulia kwa mlio mkali, mfupi. Palipoachana hulia kama unagonga sanduku tupu. Alama kwa chaki kila panapolia tupu. Chanzo mara nyingi ni mchanga wa pwani ambao haukuoshwa: chumvi yake huanzisha kutu kwenye nondo, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoiumba, kwa hiyo hupasua zege kutoka ndani. Plasta mpya na rangi nyeupe huficha hali hii kwa msimu mmoja. Dari iliyopakwa rangi mwezi uliopita kwenye nyumba inayouzwa ikutie mashaka.

Zile nondo zilizoachwa wazi juu ya slabu zisikupe matumaini ya ghorofa. Zisugue kwa brashi ya waya hadi magamba ya kutu yaishe, kisha upime unene wake kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene. Nondo ya milimita 12 iliyobaki na 10.5 imepoteza karibu robo ya chuma chake. Pima na urefu uliobaki juu ya zege. Ili nondo mpya iungane na ya zamani inatakiwa kupishana nayo mara 40 hadi 50 ya unene wake, yaani sentimeta 48 hadi 60 kwa nondo ya 12. Nondo nyingi zilizoachwa ni fupi, au zimekunjwa zisichome watu, na kuzikunjua tena kunazidi kuzidhoofisha. Mhandisi anaweza kupendekeza nguzo zivishwe zege jipya na nondo mpya, lakini kazi hiyo huanzia kwenye msingi. Haianzii juu.

Jambo la mwisho la slabu ni maji. Slabu iliyokusudiwa kuwa sakafu ya ghorofa haikuwekewa mwinamo, kwa hiyo mvua inasimama. Mhandisi akiridhika kwamba inabeba, ziba matundu ya kutolea maji, jaza maji ya kina cha sentimeta 5, uache saa 24, halafu utazame dari. Michirizi myeupe maana yake maji yanapita yakibeba chokaa ya saruji. Michirizi ya kahawia ni kutu.

Baada ya hapo utakuwa na ripoti tatu: ya mpima, ya mhandisi, na majibu ya maandishi ya afisa mipango miji. Njia ya kurasimisha ni kuchorewa majengo yalivyo sasa na mbunifu majengo aliyesajiliwa, kuambatisha michoro ya mhandisi kwa ajili ya slabu, hati, risiti ya pango la ardhi ya mwaka huu, kisha kuomba kibali kwa majengo yaliyopo. Maombi hupita kwa wataalamu wa mipango miji, afya, ardhi na uhandisi, na kila mmoja anaweza kukataa upande wake. Ada na faini hukadiriwa na halmashauri na hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Pesa ya mkononi usiitoe kwa yeyote, hata kama ana kitambulisho shingoni.

Mimi ningetaka muuzaji ndiye aombe, kwa jina lake, kwa gharama yake, kabla ya uhamisho. Kosa ni lake, na halmashauri ikikataa, anayebaki na nyumba ni yeye. Muuzaji akisema hana fedha, zipo njia za kumsaidia bila kujitia kitanzi. Wakili aandike mkataba wa mauziano wenye masharti: unaweka amana, tuseme asilimia 10, ikae kwa wakili na si kwa muuzaji wala dalali. Sehemu ya amana hiyo iruhusiwe kulipia mbunifu, mhandisi na ada za halmashauri kwa risiti. Salio lilipwe kibali kikitoka na uhamisho ukikamilika. Kisipotoka ndani ya muda mliokubaliana, miezi 6 kwa mfano, amana iliyobaki inarudi ndani ya siku 14. Kuwe na kifungu kwamba ilani, faini na madeni yote yanayotokana na kazi zilizofanyika kabla ya makabidhiano ni ya muuzaji hata kama yatadaiwa baadaye. Na kama ana mwenza wa ndoa, ridhaa ya mwenza kwa maandishi, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya familia isiuzwe bila ridhaa hiyo.

Bei sasa. Mtafute mthamini aliyesajiliwa akupe thamani mbili: ya kiwanja na nyumba ya chini iliyo na kibali, na ya vyote vilivyopo. Majadiliano yaanzie kwenye ile ya kwanza. Banda liongezewe thamani likipata kibali, si kabla. Fremu zilizoko nje ya kamba zihesabiwe sifuri, kisha utoe gharama ya kuzibomoa na kusafisha kifusi kwa makadirio ya maandishi ya mkandarasi. Slabu ambayo mhandisi ameikataa nayo ni gharama, kwa sababu kuiondoa juu ya kuta zinazotumika kunataka viegemeo na watu wanaoijua kazi, kisha kupaua upya. Kama ulipiga hesabu ya kurudisha fedha yako kwa kodi ya fremu tatu na vyumba vinne, irudie bila fremu uone kama nyumba bado inakufaa. Kama hupati jibu zuri hapo, iache. Na kama ulikusudia kukopa benki, fahamu kwamba mthamini wa benki ataandika majengo yasiyo na kibali, na mkopo unaweza kukwama ukiwa umeshatoa chako.

Nakushauri pia ukae na wapangaji wa fremu kabla ya yote, kwa heshima na bila kuwatisha. Wanajua ni lini maafisa walipita mara ya mwisho, na waliacha karatasi gani. Waombe mikataba yao uione: mwenye kodi ya mwaka mzima aliyoilipa kwa muuzaji atakudai wewe fremu ikibomolewa, isipokuwa mkataba wa mauziano umesema fedha hiyo inarudishwa na aliyeipokea.

Wiki hii, basi, mpelekee muuzaji barua fupi: unaitaka nyumba, unaomba nakala ya hati, michoro ya 2009, na ruhusa ya kumleta mpima na mhandisi kwa gharama yako. Kazi za hao wawili ni gharama ndogo sana mbele ya milioni 47 na nusu. Akikubali, anza na mpima, maana kamba yake peke yake inaweza kukuokolea ada ya mhandisi. Na kama dalali ameshachukua kwako chochote, hata kiasi kidogo cha "kushikia nyumba", mwandikishe risiti leo, yenye namba ya kiwanja na maneno kwamba fedha inarudi mauziano yasipofanyika.